Kuwezesha OP-TEE kwenye kerneli ya Linux: mipangilio, mti wa vifaa, na makosa yanayokwamisha wengi

Prosesa za Arm za familia ya Cortex-A zina uwezo uitwao TrustZone. Chipu moja inagawanywa pande mbili: upande wa kawaida wanakoishi Linux na programu zake, na upande salama unaokaliwa na fimwea ndogo inayotunza funguo, kutia sahihi na kusimbua data bila Linux kuchungulia kilichomo. OP-TEE ni fimwea huria ya upande huo salama. Hapa tunaonyesha jinsi ya kuitayarisha kerneli ili iongee nayo, kuanzia emuleta hadi bodi halisi.

Tuseme mapema: ndani ya kerneli kwenyewe kazi ni mistari miwili ya mipangilio. Siku zinazopotea hupotelea kwingine, kwenye makubaliano kati ya fimwea, kipakiaji (programu inayoiwasha kerneli) na mti wa vifaa (device tree, faili linaloielezea kerneli vifaa vilivyopo). Huko ndiko tutakapokaa muda mrefu.

Nani anaongea na nani

Prosesa ina ngazi za mamlaka ziitwazo EL; namba ikiwa kubwa, mamlaka ni makubwa zaidi. Linux inaendeshwa kwenye ngazi ya EL1 au EL2 ya upande wa kawaida. OP-TEE iko EL1 ya upande salama. Hawa wawili hawaonani moja kwa moja. Linux ikitaka huduma inatoa amri ya prosesa iitwayo SMC, prosesa inaruka hadi EL3, na aliyekaa EL3, mara nyingi fimwea ya TF-A (Trusted Firmware-A), anaikabidhi OP-TEE. Jibu linarudi kwa njia ileile. Kwa hiyo TF-A isipojengwa ikijua kwamba kuna OP-TEE, Linux itapiga hodi na hakuna atakayefungua. Chaguo linalohusika wakati wa kujenga TF-A ni `SPD=opteed`.

Kuna mfumo mpya zaidi wa mawasiliano, FF-A, ambao TF-A hujengwa kwa `SPD=spmd` na kerneli huhitaji `CONFIG_ARM_FFA_TRANSPORT`. Draiva ya OP-TEE inauelewa tangu Linux 5.16. Kama nyaraka za bodi yako hazitaji FF-A, baki na SMC.

Anzia kwenye QEMU

Usianze na bodi. Kwenye emuleta ya QEMU ukiharibu unafuta na kurudia, na unaona logi za pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mradi wa OP-TEE una orodha iliyo tayari inayovuta kila kitu: kerneli, QEMU, TF-A, U-Boot (kipakiaji), Buildroot (zana ya kujenga mfumo mdogo wa Linux) na OP-TEE yenyewe.

```
mkdir optee && cd optee
repo init -u https://github.com/OP-TEE/manifest.git \
     -m qemu_v8.xml -b 4.5.0 --depth=1
repo sync -c -j4 --no-clone-bundle
cd build
make -j2 toolchains
make -j4 run
```

Usiache `--depth=1` wala `-c`. Bila hizo utashusha historia nzima ya kerneli na ya QEMU, na anayetumia bando la simu ataumia bure. Mtandao ukikatika katikati, rudia `repo sync`. Itaendelea na miradi iliyobaki.

Ujenzi ukiisha, madirisha mawili ya terminali hufunguka, moja la upande wa kawaida na jingine la upande salama, huku dirisha ulilotumia likionyesha `(qemu)`. Wengi hukaa hapo wakidhani mashine imeganda. Andika `c`, bonyeza Enter, na mashine itaanza kuwaka. Jina la kuingilia ni `root`, hakuna nywila. Ukitaka kuwasha tena bila kujenga upya, tumia `make run-only`.

Ukiandika amri yako mwenyewe ya QEMU, mashine lazima iwe `-machine virt,secure=on`, kwa sababu bila `secure=on` hakuna EL3 kabisa. Na usiongeze KVM, kiharakishi cha mashine pepe cha Linux: KVM haiwezi kumpa mgeni TrustZone, na QEMU itakataa kuanza. Badala yake QEMU itatafsiri amri za Arm kwa programu. Ni polepole, lakini inafanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida ya Intel.

Mipangilio ya kerneli

Kwanza angalia ulichonacho. Kwenye bodi inayowaka:

```
zcat /proc/config.gz | grep -E 'CONFIG_(TEE|OPTEE)'
```

Kama `/proc/config.gz` haipo, soma `/boot/config-$(uname -r)`. Draiva ya OP-TEE imo kwenye kerneli rasmi tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017, na `defconfig` ya arm64 huja ikiwa imeiwasha. Wanaoikosa mara nyingi ni wanaotumia kerneli ya muuza bodi iliyopunguzwa. Kuiwasha:

```
export ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-
make defconfig
./scripts/config -e TEE -e OPTEE
make olddefconfig
make -j$(nproc) Image modules dtbs
```

Usiruke `make olddefconfig`. `scripts/config` inaandika tu kwenye faili la `.config` bila kuangalia kama masharti ya chaguo yametimia; `olddefconfig` ndiyo inayokagua, na chaguo lisilotimiza masharti hulifuta kimya kimya. Rudia `grep` kwenye `.config` kabla hujajenga.

Je, iwe moduli au iingie ndani ya kerneli moja kwa moja? Zote mbili zinawezekana, ila tunashauri ndani, `=y`. Sababu ni wategemezi wake, kama jenereta ya namba nasibu, funguo za kerneli na TPM ya fimwea (TPM ni moduli ya kutunza funguo na vipimo vya uadilifu wa mfumo), ambao huhitajika mapema wakati wa kuwaka, kabla diski yenye moduli haijafunguliwa.

Chaguo nyingine ziongeze kwa haja tu. `CONFIG_HW_RANDOM_OPTEE` inaleta namba nasibu kutoka upande salama, mradi OP-TEE ya bodi yako imejengwa na huduma hiyo. `CONFIG_TRUSTED_KEYS` pamoja na `CONFIG_TRUSTED_KEYS_TEE` zinaiwezesha kerneli kufunga funguo zake kwa msaada wa OP-TEE (tangu 5.13), kwenye mstari wa kuwashia kerneli ongeza `trusted.source=tee`. `CONFIG_TCG_FTPM_TEE` ni ya TPM inayoendeshwa kama programu ndani ya OP-TEE. `CONFIG_RPMB`, iliyoingia na Linux 6.12, inairuhusu kerneli yenyewe kufikia sehemu iliyolindwa ya eMMC (hifadhi iliyo kwenye bodi yenyewe) kwa niaba ya OP-TEE. Tutaieleza mbele, maana inabadilisha mambo.

Mti wa vifaa: nodi ya OP-TEE

OP-TEE haiko kwenye basi lolote ambalo Linux inaweza kulikagua, kwa hiyo ni lazima itajwe kwenye mti wa vifaa:

```
/ {
    firmware {
        optee {
            compatible = "linaro,optee-tz";
            method = "smc";
        };
    };
};
```

`method` ni `smc` kwenye bodi ya kawaida. Iwe `hvc` pale tu Linux inapoendeshwa kama mgeni chini ya haipavaiza inayopitisha maombi.

OP-TEE iliyojengwa na `CFG_DT=y` inaweza kuongeza nodi hii yenyewe kwenye mti inaopewa wakati wa kuwaka. Ni msaada mzuri wenye mtego ndani yake: mti ulioongezewa ni ule uliopitia kwa TF-A. Kama U-Boot baadaye inapakia faili jingine la `.dtb` kutoka kwenye kadi ya SD na kuipa kerneli hilo, nyongeza yote imepotea. Dalili yake ni kwamba logi ya kerneli haitaji OP-TEE hata mara moja, hata kwa kosa. Thibitisha kwa:

```
ls /proc/device-tree/firmware/
```

Kama `optee` haipo hapo, usipoteze muda kwenye mipangilio ya kerneli. Ama iandike nodi kwenye `.dts` yako, ama ijenge U-Boot na `CONFIG_OPTEE_LIB` ili inakili nodi hizo kwenda kwenye mti mpya.

Mti wa vifaa: kumbukumbu

Hili ndilo kosa linalosumbua kuliko yote. OP-TEE inakaa kwenye kipande cha RAM ambacho kidhibiti cha kumbukumbu kimekifungia Linux. Linux isipoambiwa, itakihesabu kuwa RAM yake. Siku itakapokigusa, kifaa kitaanguka kwa `SError Interrupt` au `synchronous external abort`. Huenda ikaanguka sekunde ya kwanza, huenda ikasubiri hadi RAM ijae na kerneli ifike kwenye ukurasa ule. Ndiyo maana bodi inaweza kupita majaribio yote mezani kisha ikafa kwa mteja.

Kwenye bodi za Texas Instruments AM62, kwa mfano, hifadhi huandikwa hivi:

```
reserved-memory {
    #address-cells = <2>;
    #size-cells = <2>;
    ranges;

    secure_ddr: optee@9e800000 {
        reg = <0x00 0x9e800000 0x00 0x01800000>;
        no-map;
    };
};
```

Ukubwa `0x01800000` ni MiB 24. Anwani hizi ni za familia hiyo tu. Zako zisome kwenye faili la `conf.mk` la jukwaa lako ndani ya OP-TEE, kwenye `CFG_TZDRAM_START` na `CFG_TZDRAM_SIZE`, kisha zilinganishe na TF-A. Namba zikitofautiana sehemu mbili, usichague kwa kubahatisha; tafuta iliyoandikwa kwenye kidhibiti cha kumbukumbu, maana hiyo ndiyo inayotekelezwa.

Neno `no-map` lina uzito wake. Bila hilo, Linux haitagawa kumbukumbu hiyo kwa programu, lakini bado itaiweka kwenye majedwali yake ya kurasa. Prosesa za kisasa husoma kumbukumbu kwa kukisia kabla programu haijaomba, na zinaweza kukisia kuingia eneo lililofungwa. Matokeo yake ni mianguko isiyo na mpangilio, ambayo haijirudii ukiitafuta. `no-map` inaliondoa eneo kwenye majedwali kabisa.

U-Boot nayo iangaliwe. Hupenda kujihamishia juu kabisa ya RAM, na baadhi ya bodi huiweka OP-TEE hukohuko. Ikigongana, bodi inakufa kabla kerneli haijaanza, ukiwa na mistari michache tu ya U-Boot kwenye terminali.

Kusoma logi

Kerneli ikiwaka, andika `dmesg | grep -i optee`. Unachotaka kuona ni mfano wa hiki:

```
optee: probing for conduit method.
optee: revision 4.5
optee: dynamic shared memory is enabled
optee: initialized driver
```

Mstari wa tatu unamaanisha Linux na OP-TEE zinaweza kushirikiana kumbukumbu yoyote ya kawaida, si kile kipande kidogo kilichotengwa mapema. Usipouona, programu zinazopitisha data nyingi zitaishiwa nafasi na kurudisha `0xffff000c`. Angalia kama OP-TEE imejengwa na `CFG_CORE_DYN_SHM=y`.

Ukiona `api uid mismatch` ikifuatiwa na `failed with error -22`, nodi ipo na draiva ipo, ila upande wa pili hakuna anayejibu lugha ya OP-TEE. Karibu kila mara TF-A imejengwa bila `SPD=opteed`, au kilichopakiwa kama BL32 (nafasi ya fimwea ya upande salama) si OP-TEE. `missing "method" property` inajieleza yenyewe.

Upande salama una logi yake kwenye UART (lango la serial la bodi), mara nyingi tofauti na ya Linux. Jenga OP-TEE na `CFG_TEE_CORE_LOG_LEVEL=3` unapotafuta kosa: 1 ni makosa tu, 2 taarifa, 3 uchunguzi, na 4 ni mafuriko. Bidhaa ikienda sokoni irudishe chini, kwani logi ya upande salama humsaidia mshambuliaji kama inavyokusaidia wewe.

Upande wa mtumiaji

Draiva ikifaulu, vifaa viwili huonekana: `/dev/tee0` kwa programu za kawaida, na `/dev/teepriv0` kwa msaidizi aitwaye `tee-supplicant`. OP-TEE haina draiva ya diski wala mfumo wa mafaili, hivyo inamtuma msaidizi huyu kuileta programu aminifu, yaani programu inayoendeshwa ndani ya OP-TEE, kutoka `/lib/optee_armtz/` na kuhifadhi mafaili yaliyosimbwa. Mwanzishe mapema:

```
tee-supplicant -d
optee_example_hello_world
xtest
```

Mfano wa kwanza unatuma namba 42 upande salama na kurudishiwa 43. Ukifaulu huo, njia nzima iko wazi. `xtest` ni majaribio kamili. Soma mistari ya mwisho, idadi ya yaliyoshindwa inapaswa kuwa 0.

Msaidizi asipokuwepo, programu yako haitapata kosa lolote. Itakaa kimya ikimsubiri. Programu iliyoganda bila ujumbe ni ishara ya kwanza ya kuangalia `ps | grep tee-supplicant`.

Makosa mengine huja kwa namba. `0xffff0008` maana yake faili la programu aminifu halikupatikana: jina lake lazima liwe UUID yake (kitambulisho chake cha kipekee) yote ikifuatiwa na `.ta`. `0xffff000f` ni sahihi isiyokubalika, yaani programu imetiwa sahihi kwa ufunguo tofauti na ule OP-TEE iliojengwa nao. `0xffff3024` ni programu aminifu iliyokufa ikiwa kazini. Sababu yake utaiona kwenye logi ya upande salama peke yake.

Usiweke `/dev/tee0` ruhusa ya 0666 ili kukwepa usumbufu. Tengeneza kundi, andika kanuni ya udev yenye `MODE="0660"`, na uingize humo watumiaji wanaohitaji. `teepriv0` iwe ya msaidizi pekee.

Kuona huduma ambazo OP-TEE imezitangazia kerneli, tazama `/sys/bus/tee/devices/`. Kama jenereta ya nasibu imeshika, `optee-rng` itakuwa kwenye `/sys/class/misc/hw_random/rng_available`.

Chaguo za msingi si za sokoni

Mfumo unaofaulu `xtest` unaweza kuwa hauna usalama wowote. Mipangilio ya msingi ya OP-TEE imewekwa ili mjenzi ajifunze, na mambo manne yanahitaji mkono wako.

La kwanza ni bodi yenyewe. Raspberry Pi 3 inaendesha OP-TEE vizuri kabisa, lakini vifaa vyake havina njia ya kuifungia Linux kumbukumbu ya upande salama. Ni bodi ya darasani. Usiweke funguo za wateja humo.

La pili ni ufunguo wa programu aminifu. Hazina ya OP-TEE inakuja na `keys/default_ta.pem`, ambao kila mtu duniani anao. Ukiuacha, yeyote anayeweza kuandika kwenye diski yako anaweza kutia sahihi programu yake na ikakubaliwa. Tengeneza wako na uupitishe kote, kwenye OP-TEE na kwenye kila programu aminifu:

```
openssl genrsa -out ta_key.pem 4096
make ... TA_SIGN_KEY=/njia/ya/ta_key.pem
```

La tatu ni ufunguo wa pekee wa chipu, unaozaa funguo zote za hifadhi iliyosimbwa. Mwandishi wa jukwaa asipoandika kazi ya kuusoma kutoka kwenye fyuzi za chipu, `tee_otp_get_hw_unique_key` ya msingi hurudisha sufuri tupu. Vifaa vyote vitakuwa na ufunguo mmoja, na hakuna jaribio litakalolalamika. Fungua msimbo wa jukwaa lako uhakikishe kazi hiyo imeandikwa upya.

La nne ni hifadhi. Kwa kawaida OP-TEE huweka mafaili yake yaliyosimbwa kwenye diski ya Linux. Hayasomeki, lakini anayeweza kunakili kizigeu cha leo anaweza kukirudisha mwezi ujao, na kaunta ya majaribio ya PIN ikarudi nyuma. Dawa ni RPMB, sehemu ya eMMC inayokubali maandishi yenye uthibitisho tu: `CFG_RPMB_FS=y`. Kumbuka pia kwamba `tee-supplicant` hujengwa ikiwa inaiga RPMB; kwa bodi halisi ijenge na `RPMB_EMU=0`.

Hapa tahadhari kubwa: `CFG_RPMB_WRITE_KEY=y` inaandika ufunguo kwenye eMMC mara moja tu, na haufutiki. Ukiandika ufunguo uliotokana na sufuri au ule wa majaribio wa `CFG_RPMB_TESTKEY=y`, eMMC hiyo haitatengenezeka tena. Maliza jambo la tatu kwanza, kisha jaribu kwenye bodi moja uliyokubali kuipoteza.

TPM ya fimwea na mpangilio wa kuwaka

Wanaotumia TPM ya fimwea (fTPM) pamoja na IMA, sehemu ya kerneli inayopima uadilifu wa mafaili, hukutana na mstari huu: `ima: No TPM chip found, activating TPM-bypass!` TPM ipo, ila imechelewa. Kerneli huorodhesha huduma za OP-TEE kwa awamu, na zile zinazomhitaji `tee-supplicant` husubiri hadi afungue `/dev/teepriv0`. IMA imeshaanza zamani.

Kuna hatua mbili, na zote zinahitajika. Ijenge fTPM ndani ya picha ya OP-TEE yenyewe kama programu ya mapema, kwa `EARLY_TA_PATHS`, ili isitafutwe diskini. Kisha iondoe haja ya msaidizi kwenye hifadhi: Linux 6.12 au zaidi yenye `CONFIG_RPMB=y`, pamoja na OP-TEE toleo linaloutumia mfumo huo, huiacha kerneli ifikie RPMB bila msaidizi. Kwenye kerneli za zamani hatua ya pili haiwezekani, na TPM itabaki kuchelewa hata ufanyeje.

Wakati wa kuzima mambo hugeuka. Kwa usanidi unaomtegemea msaidizi, `systemd` ikimuua kabla TPM haijafungwa, draiva ya TPM itaomba hifadhi ambayo haipo na kuzima kutakwama au kutatoa makosa. Jenga `tpm_ftpm_tee` kama moduli, na kwenye huduma ya `tee-supplicant` weka `ExecStop` inayoita `modprobe -r tpm_ftpm_tee` kabla mchakato wenyewe haujasimamishwa.